Axio ya haibridi au ya petroli? Hesabu ya dereva wa Mtwapa

Swali: "Fundi, shikamoo. Nakaa Mtwapa na kazi yangu iko Ganjoni. Nauza Demio yangu iliyochoka nichukue Toyota Axio. Yadi moja ina Axio mbili, zote za mwaka 2018. Moja ni ya petroli tu, ya pili ni haibridi, yaani ina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na bei yake imeizidi ya mwenziwe kwa shilingi 300,000. Muuzaji anasema haibridi inakwenda kilomita 30 kwa lita na hiyo tofauti nitairudisha ndani ya mwaka. Kaka yangu anasema joto la Mombasa litaiua betri halafu nisijue pa kulipeleka gari. Pesa za kuongeza nitazikopa sacco. Kwa mwezi natembea kama kilomita 1,000, pamoja na kuwapeleka watoto skuli. Nichukue ipi?"

Marahaba, dada yangu. Umefanya vyema kuniandikia kilomita zako na kuniambia pesa zinatoka wapi, maana bila ya mambo hayo mawili hakuna fundi anayeweza kukujibu kwa haki. Nianze na jibu lenyewe. Kwa tofauti ya 300,000, tena ya mkopo, mimi nisingeichukua ile haibridi. Tofauti ikishuka hadi 150,000, na betri ikapimwa ikaonekana nzima, ningeichukua bila wasiwasi. Gari halina ubaya, na kwa njia unayopita wewe kila asubuhi ni gari zuri sana. Ila bei waliyokutajia haiendani na kilomita unazotembea.

Zile kilomita 30 muuzaji hakuzitoa hewani. Japani kila gari jipya hupimwa maabara kwa kipimo rasmi, na kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwa JC08. Toyota Aqua, ndugu wa hiyo Axio ya haibridi, ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, baadaye ikapandishwa hadi 37. Namba hizo ni za kweli, lakini gari lilikuwa limefungwa juu ya mashine ndani ya chumba, AC imezimwa, na hakuna tuktuk ya kulikatia mbele pale Kongowea. Huku kwetu AC haizimwi kuanzia Januari hadi Desemba. Haibridi ya Toyota ya lita 1.5 iliyo nzima, kwa njia yako, mimi naihesabia kilomita 20 kwa lita. Axio ya petroli kwa njia hiyo hiyo naihesabia 12. Dereva mwenye mguu mwepesi atazidi hapo kidogo, na anayekimbilia kila nafasi atapungukiwa, lakini ukiweka 20 na 12 hutajidanganya.

Tofauti inakuwa kubwa kiasi hicho kwa sababu ya foleni. Gari la petroli likisimama, kwa kawaida injini inaendelea kunguruma, na AC ikiwa imewashwa injini ya lita 1.5 inakunywa karibu lita moja kwa saa bila ya kusogea hatua. Haibridi ya Toyota ikisimama, injini inazima. AC yake haivutwi na mkanda wa injini. Kompresa ni ya umeme na inakula kwenye betri kubwa. Betri ikipungua, injini inawaka dakika chache kuijaza, kisha inazima tena. Ukiondoka taratibu, mota ya umeme ndiyo inayolisukuma gari. Ukikanyaga breki, mota hiyo inageuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo kwenye gari jingine ingeishia kuwa joto kwenye pedi inarudi betrini. Ndiyo maana pedi za haibridi hukaa muda mrefu hata mteja akadhani fundi amesahau kuzibadilisha. Hata injini yenyewe imetengenezwa kwa ubahili: valvu zake za kuingiza hewa huchelewa kufunga, utaratibu uitwao Atkinson, ikatoa nguvu pungufu lakini ikapunguza mafuta yanayopotea, na pale nguvu inapopunguka mota ya umeme inaijazia.

Kwa hiyo ule msongamano wa Bamburi Mtambo, wa Lights, na ule mstari wa kuingia Daraja la Nyali saa moja asubuhi, ndipo haibridi inaporudisha pesa. Anayevuka feri ya Likoni kila siku anafaidi kukushinda wewe.

Sasa hesabu. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na sisi wa Mombasa hulipa shilingi chache chini ya Nairobi kwa kuwa mafuta yanashukia hapa kwetu. Tuchukue shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Kilomita 1,000 kwa Axio ya petroli ni lita 83 na kitu, sawa na shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa haibridi ni lita 50, sawa na 9,000. Unaokoa 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Gawa 300,000 kwa hiyo, unapata miaka minne na miezi miwili. Kule "ndani ya mwaka" kwa muuzaji tumeshakuacha mbali, na bado sijagusa mambo mawili.

La kwanza ni bima. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kampuni ikikutoza asilimia 4, ile 300,000 ya ziada inakuongezea shilingi 12,000 kila mwaka. Akiba yako imeshuka hadi 60,000, na miaka imekuwa mitano.

La pili ndilo zito, nalo ni mkopo. Sacco ikikupa 300,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, ulipe kwa miaka minne, kila mwezi utakatwa karibu shilingi 7,900. Iweke hiyo kando ya ile 6,000 unayookoa kwenye petroli. Kwa miaka minne mizima utakuwa unatoa mfukoni zaidi ya unachookoa, na riba peke yake itafika kama 79,000. Nimewaona watu wengi wakilinganisha akiba ya mafuta na bei ya gari, wakaacha kuilinganisha na makato ya mshahara, na makato ndiyo yanayoumiza tarehe 30.

Ikiwa tofauti ni 150,000, mambo yanageuka. Makato yanakuwa kama 3,950, bima inaongeza 500 kwa mwezi, jumla 4,450 dhidi ya 6,000. Zinabaki 1,550 kila mwezi, na hizo usizile. Zitengee betri, kwa sababu nitakazokueleza. Mkopo ukiisha, akiba yote ni yako. Mafuta yakipanda, hesabu inazidi kukaa upande wako: Oktoba 2023 lita ilifika shilingi 217 kule Nairobi, na kwa bei hiyo akiba yako ingekuwa zaidi ya 7,200 kwa mwezi. Lakini usinunue gari kwa kutegemea mafuta yapande.

Wapo ambao kwao ningesema chukua hata kwa 300,000. Kijana wa teksi za simu anayezunguka Nyali, mjini na uwanja wa ndege kilomita 4,000 kwa mwezi anaokoa 24,000 kila mwezi, na tofauti yote inarudi ndani ya miezi kumi na mitatu. Na yupo ambaye ningemwambia asiiguse: mzee aliyestaafu, anakaa Kizingo, gari ni la kwenda msikitini, sokoni na kwa mwanawe Tudor, kilomita 300 kwa mwezi. Yeye anaokoa 1,800. Ingemchukua karibu miaka kumi na minne kuirudisha pesa yake, na gari linalokaa limesimama wiki nzima huishusha betri, si kuihifadhi.

Safari za Nairobi nazo hazibadilishi jambo. Ukitoka Miritini ukaanza kupanda Mazeras kwa mwendo wa barabara kuu, injini inafanya kazi karibu muda wote, na breki za kurudishia umeme hazipati nafasi. Kwa kilomita 480, petroli ikienda 16 kwa lita na haibridi 20, umeokoa lita sita, shilingi elfu moja na themanini. Kama mtu aliwahi kukusifia haibridi kwa safari ndefu, alikuwa akisifia sehemu yake iliyo dhaifu.

Nije kwenye betri, maana hapo kaka yako ana haki kwa sehemu. Axio ya haibridi, sawa na Aqua, ina betri ya nikeli na haidridi ya metali yenye vipande 20 vya volti 7.2 kimoja kimoja, jumla volti 144, na inakaa chini ya kiti cha nyuma. Vipande hivyo vimefungwa kwa mfuatano, kama mahamali wanaosukuma mkokoteni mmoja: mmoja akilegea, mzigo wake unawaangukia wenzake, nao wanachoka kabla ya wakati. Betri za Toyota za aina hii nyingi hufika miaka kumi na kuipita. Lakini sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na yadi nyingi huleta yaliyokaribia mwisho huo kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Maana yake gari la haibridi linashuka Kilindini likiwa limeshakula sehemu kubwa ya umri wa betri yake. Hili muuzaji hakwambii, na mimi nalitilia uzito kuliko joto.

Joto nalo lipo, na linaua taratibu. Betri hiyo haina maji ya kuipoza. Ina feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Hewa ya ndani ikiwa baridi, betri inapoa. Ikiwa ya moto, inachemka. Kwa hiyo kwenye haibridi AC ni sehemu ya matunzo ya betri, usiizime kwa kutafuta akiba. Gari likiwa limeshinda juani Ganjoni, fungua milango dakika moja, toa ile hewa ya moto, washa AC, kisha ondoka polepole. Na lile tundu liangalie sana. Watoto hurundika mabegi ya skuli hapo, mtu anatupa kanga au taulo la ufukweni, na mchanga wa Jomo Kenyatta Public Beach unaingia na kugandamana na nyuzi za nguo kwenye kichujio na mapanga ya feni. Mwambie fundi akisafishe kichujio kila unapomwaga oili, na feni yenyewe aifungue mara moja kwa mwaka. Ni kazi ndogo, na katika betri zilizokufa mapema nilizozifungua, feni iliyoziba ndiyo niliyoikuta mara nyingi kuliko kitu kingine.

Betri ikifa, utaambiwa mambo mawili. Mmoja atakwambia abadilishe kile kipande kimoja kibovu. Hiyo ni nafuu na gari litatembea, lakini kipande kipya kati ya kumi na tisa vilivyochoka hakikai sawa na wenzake, na baada ya miezi kitafuata kingine. Mwingine atakuuzia betri nzima, mpya au iliyotolewa kwenye gari jingine. Mimi humwambia mteja atenge shilingi 150,000 tangu siku anaponunua gari, asingoje taa ya pembetatu nyekundu imtokee Buxton na gari la nyuma linampigia honi. Ukitaka kuongeza fungu hilo kwenye hesabu yako yote, utaona kwa nini tofauti ya 300,000 naikataa.

Kabla ya kuliona hilo lote, lakini, jua kwamba ndani ya gari hilo kuna betri ya pili, ndogo, ya volti 12, iliyofichwa nyuma na siyo chini ya boneti. Hii ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Ikiishiwa, gari haliwaki kabisa hata kama betri kubwa imejaa, na dashibodi inaweza kuwaka taa za kutisha. Watu wameuziwa betri kubwa kwa kosa la betri ndogo. Gari likigoma, hiyo ndogo ipimwe kwanza. Na usikubali haibridi yako itumike kuwashia lori la jirani.

Ukienda yadi kulipima, nenda asubuhi na mapema, uwaambie wasiliwashe kabla hujafika. Nenda na fundi mwenye skana inayosoma betri ya haibridi, siyo ile ya kusoma injini tu. Skana itamwonyesha volti za vile vipande vya betri, jozi kwa jozi. Gari likiwa limetulia zote zinaweza kuonekana nzuri. Anachotaka kuona ni gari likivuta. Akanyage kwenye mwinuko, aangalie ile jozi ya chini imeachana na ya juu kwa kiasi gani. Zikiachana kwa zaidi ya nusu volti, mimi naondoka. Kisha mliendeshe nusu saa kamili, foleni na barabara ya wazi, kwa sababu yapo mayadi yanayofuta kumbukumbu za hitilafu asubuhi ile ile na zinahitaji muda kurudi. Tazama alama ya betri kwenye dashibodi. Ikishuka kutoka juu hadi vidoti viwili kwa dakika chache, halafu ikajaa ghafla, hiyo betri imekwisha, hata muuzaji akikuapia. Sikiliza feni ya nyuma ikivuma kwa nguvu bila ya gari kuwa moto. Mita ya kilomita isikushughulishe sana, mita hurudishwa nyuma; omba cheti cha ukaguzi kilichotoka Japani na ulinganishe.

Kuna jambo la maji pia ambalo Mombasa linatuuma zaidi ya bara. Haibridi ina inverta, kile kisanduku kinachobadili umeme wa betri uende kwenye mota, nayo ina maji yake ya kupozea na pampu yake ya umeme. Usimruhusu mtu yeyote ajazie maji ya kisima humo, wala kwenye rejeta. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi inakula alumini ya ndani. Tumia maji maalumu ya Toyota, yale ya rangi ya waridi, na uangalie kiwango chake kila unapopima oili. Wakati wa masika, barabara ikijaa maji, zunguka njia nyingine au ngoja. Betri yako iko chini ya kiti, si mbali na sakafu.

Na kwa kuwa yadi ikishindwa kukupunguzia Axio itakuonyesha gari jingine lenye beji ya haibridi: beji hazilingani. Serena zilizoandikwa S-Hybrid zina msaada mdogo tu wa umeme, mota yake haiwezi kulibeba gari, kwa hiyo usilipe nyongeza ya haibridi kwa ajili ya beji ile. Honda Fit na Vezel za haibridi za kizazi kilichotoka 2013 zina giaboksi ya klachi mbili na gia saba, na kule Japani Honda yenyewe iliziita zirudi karakana zaidi ya mara moja kati ya 2013 na 2014 kurekebisha programu inayoiongoza. Ni magari mepesi na yanakwenda vizuri, lakini mimi simpi giaboksi ya klachi mtu anayejivuta nusu saa kabla ya Daraja la Nyali. Nissan Note e-Power, iliyotoka 2016, ni nzuri mjini. Injini yake kazi yake ni kuzalisha umeme tu, magurudumu yanazungushwa na mota. Kwa foleni yako ingekufaa, ila hakikisha kwanza fundi wako ameshawahi kuifungua.

Hapo naingia kwenye hofu ya mwisho ya kaka yako. Mafundi wa haibridi Mombasa wapo, na wanaongezeka kwa sababu vijana wa teksi wamezileta kwa wingi. Lakini volti 144 zinaua mtu. Nyaya zake zote zina rangi ya chungwa ili zijulikane. Muulize fundi, kabla hujampa ufunguo, anafanya nini kwanza akitaka kugusa betri. Akupe jibu hili au linalokaribia: anazima gari, anatoa betri ndogo, anavaa glavu za mpira za umeme, anachomoa plagi ya kukatia umeme iliyo kwenye betri kubwa, kisha anangoja angalau dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye inverta uishe, na anapima kwa mita kabla ya kugusa. Akikosa mojawapo, mshukuru na utafute mwingine.

Rudi kwa yule muuzaji ukiwa na hesabu hii. Mwambie unaichukua haibridi kwa tofauti ya 150,000 baada ya betri kupimwa gari likivuta. Akikataa, chukua ile ya petroli na usikope hata shilingi. Akikubali, niandikie namba za zile jozi za betri kama skana ilivyozisoma, nizitazame kabla hujatia sahihi sacco.